Hanitaki chai: kisa cha programu ya sarufi iliyotaka kila neno liwe na mzazi mmoja

Programu iliambiwa ikanushe sentensi "Ninataka chai". Ikachukua ha-, ikafuatisha ni-, ikageuza a ya mwisho kuwa i, ikatoa jibu lake: "Hanitaki chai." Kikagua tahajia hakikulalamika hata kidogo, maana hanitaki ni neno halali la Kiswahili. Ndilo analolisema mtu aliyeachwa.

Ofisi yenyewe iko kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Wamo vijana wachache wa programu na mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mombasa, anayewasahihishia. Wanatengeneza mazoezi ya sarufi ya kwenye simu kwa wanafunzi wa shule za msingi: programu inatunga sentensi, mwanafunzi anaikanusha, anaiweka katika wingi au anabadilisha wakati, kisha programu inasahihisha. Haitoshi programu iwe na majibu machache kwenye hazina yake. Ni lazima iweze kuliunda jibu sahihi la neno lolote litakaloingizwa, hata lile lililozaliwa juzi. Mimi niliitwa nitazame kwa nini majibu yanaharibika, na wahusika sitawataja.

Muundo wao wa kwanza ulikuwa majedwali mawili. La vitenzi lilikuwa na safu ya nafsi, ya wakati, ya mzizi na ya kiishio. Programu inachukua kipande kutoka kila safu na kuviunga. La nomino lilikuwa jepesi zaidi: kila nomino ilipewa namba moja ya ngeli, basi. Kiswahili kinamshawishi mtu sana afanye hivi. Ukiona ninasoma, unasoma, tunasoma, tutasoma, unadhani kazi imekwisha. Na kwa kweli sehemu kubwa ya majibu yalikuwa sawa. Yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa balaa: haataki badala ya hataki, hautaki kwa mtu anayeambiwa "wewe", ingawa hautaki hiyo hiyo ni sahihi kabisa ukizungumzia mti, amela badala ya amekula, hasahaui badala ya hasahau, "rafiki yangu imefika", mpikaji pale ambapo kila mtu anasema mpishi.

Dawa yao ya kwanza ilikuwa orodha ya vighairi. Kabla ya kuunda neno, programu inatazama kama limo orodhani. Likiwamo, inalitoa kama lilivyo. Wakaandika sitaki, sisomi, sijui, siendi, sipendi. Orodha ikarefuka, majibu ya siku ile yakanyooka, na kila mtu akaridhika mpaka mtu alipoingiza kitenzi kipya, kudukua. Programu ikajibu: "Hanidukui."

Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa na maana. Kosa halikuwa la -taka wala la -soma wala la -dukua, bali la nafsi ya kwanza umoja. Ukiandika kighairi kwenye kitenzi, utakiandika mara nyingi kama vitenzi vilivyoko, na bado kesho kitazaliwa kingine. Ukikiandika kwenye nafsi, utakiandika mara moja. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayeunda mfumo wa namna hii si "vighairi ni vipi?" bali "kila kighairi kinakaa wapi?"

Wazo kwamba kanuni mahususi huishinda kanuni ya jumla ni la kale mno. Pāṇini, mwanasarufi wa India ya kale, alilitumia kupanga sarufi ya Kisanskriti zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwenye kompyuta, wazo hilo lilipata umbo safi mwaka 1989, pale Roger Evans na Gerald Gazdar walipotoa DATR, lugha ndogo ya kuandikia maarifa ya msamiati. Mwaka 1993 Greville Corbett na Norman Fraser wakaitumia kueleza nomino za Kirusi, na mkabala wao ukaitwa Mofolojia Mtandao (mofolojia ni elimu ya maumbo ya maneno). Dunstan Brown na Andrew Hippisley waliuandikia kitabu kizima mwaka 2012. Msingi wake wote ni urithi wa chaguomsingi: kila kitu kinarithi kutoka juu, isipokuwa pale kilipojisemea chenyewe.

Nafsi zetu zikiandikwa kwa mtindo wa DATR, zinakuwa hivi:

Nafsi:
  <kanushi> == ha "<yakinishi>".
Mimi:
  <> == Nafsi
  <yakinishi> == ni
  <kanushi> == si.
Wewe:
  <> == Nafsi
  <yakinishi> == u
  <kanushi> == hu.
Sisi:
  <> == Nafsi
  <yakinishi> == tu.

Kila jina lenye nukta mbili ni nodi, yaani kituo kimoja cha mtandao, na kilicho ndani ya mabano yale yenye ncha ni njia, yaani swali ambalo nodi huulizwa. Tuulize: Sisi katika hali kanushi ni nini? Nodi ya Sisi haina jibu la <kanushi>. Lakini ina <>, njia tupu, inayosema: lolote nisilolijua, mwulizeni Nafsi. Nafsi inajibu: weka ha, kisha weka <yakinishi>. Alama za kunukuu zinaamuru jambo moja muhimu, kwamba turudi kwa yule aliyeulizwa mwanzoni. Tunarudi kwa Sisi, tunapata tu, na jibu ni hatu-. Mimi akiulizwa hapandi juu, kwa sababu ana si yake mfukoni. Ngeli ya U-I haina neno lake la kukanusha, kwa hiyo inapata hau-, na "mti hautaki maji mengi" inatoka sawasawa bila kugombana na "wewe hutaki". Mistari michache imeifuta orodha nzima, na "Sidukui" ikaja bure.

Jambo la pili ambalo vijana walilipenda ni namna njia fupi inavyobeba njia ndefu. Tazama viishio:

Kitenzi:
  <kiishio> == a
  <kiishio kanushi sasa> == i
  <kiishio takwa> == e.
Kitenzi_Mkopo:
  <> == Kitenzi
  <kiishio> == ().

Kitenzi cha kawaida kina a, lakini kanushi ya wakati uliopo ina i (hasomi) na hali ya kutaka ina e (asome). Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama sahau, jibu, samehe na fikiri havibadiliki popote: hasahau, asahau, asisahau. Mstari mmoja wa Kitenzi_Mkopo unatosha, kwa sababu ukiuliza <kiishio kanushi sasa> kwenye nodi hiyo, njia ndefu kuliko zote inayolingana na swali lako ni <kiishio>, na yenyewe inasema: tupu. Haupandi tena kwa Kitenzi kutafuta i. Anayesema kitu kifupi akiwa karibu anamshinda anayesema kitu kirefu akiwa mbali. Ukiizoea kanuni hii utaona inaokoa kazi kuliko ujanja mwingine wowote wa mfumo huu.

Kisha wakafika kwa -la, na hapo ilibidi watulie.

Vitenzi vya silabi moja (-la, -ja, -fa, -nywa na wenzao) vinajulikana kwa kubeba ku-: anakula, alikula, atakula, amekula, angekula. Kijana aliyeshika vitenzi aliandika nodi ya silabi moja yenye shina la "ku" na mzizi. Programu ikaanza kutoa akikula, akakula, asikule, hakuli. Akageuza: shina ni mzizi mtupu, ku- ni kighairi cha na, li, ta, me na nge. Majibu yakatengemaa, lakini sasa alikuwa na orodha ya nyakati tano zisizo na uhusiano wowote machoni pake, na alijua fika orodha ya namna hiyo imemfikisha wapi mara ya kwanza.

Zipange fomu zenyewe mbele yako. Upande mmoja: anakula, alikula, atakula, hatakula, amekula, angekula, aliyekula, asiyekula. Upande wa pili: hula, akila, akala, hali, hajala, ale, asile, alaye. Usidhani kinachotenganisha pande hizi ni ukanushaji, maana hatakula ina ku- na hajala haina. Wakati wenyewe pia haukusaidii. Na usidanganywe na hakula: ku- iliyomo humo ni ile ya hakusoma, alama ya kanushi ya wakati uliopita, wala si mali ya -la.

Mwanga uko kwenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "amela", mkazo ungeangukia me. Viambishi na, li, ta, me na nge haviwezi kubeba mkazo, wala viambishi rejeshi kama ye vinapotangulia mzizi. Hu, ka, ki na ja vinaweza. Kisichoweza kubeba kinaita ku- ije imsaidie. Kiambishi cha mtendwa nacho kinabeba, ndiyo maana chakula kikitajwa ndani ya kitenzi ku- inaondoka: amekila, amewala.

Kumbe kighairi hiki hakiko kwenye -la peke yake, wala hakiko kwenye wakati peke yake. Wamekigawana. Kila kiambishi kikapewa sifa ya ndiyo au hapana: anabeba mkazo au habebi. Nodi ya silabi moja haitaji wakati wowote kwa jina, inauliza tu, "Anayenitangulia anabeba?" DATR inaruhusu jambo hili waziwazi, kwamba sehemu ya njia ipatikane kwa kuuliza swali lingine kwanza. Vitenzi virefu haviulizi kabisa, kwa sababu mkazo wao unakaa ndani ya shina lao wenyewe. Ikabaki -enda na -isha, ambazo zina silabi mbili lakini hufuata mkondo huo huo: mwalimu wa Mombasa anasema amekwenda, vijana wa Nairobi wanasema ameenda. Programu inazikubali zote mbili. Sioni sababu ya mtoto kupoteza alama hapo.

Nomino ndizo zilizozua ubishi wa kweli, na ubishi ulihusu neno moja, rafiki.

Kwenye jedwali la zamani rafiki alipewa ngeli ya 9, ile ya nyumba, kwa kuwa neno halibadiliki katika wingi. Matokeo: "Rafiki yangu mzuri imefika"... kwa hakika hata hiyo mzuri haikutoka, ilitoka nzuri. Kijana akambadilisha kuwa ngeli ya 1, ile ya mtu. Matokeo: "Rafiki wangu mzuri amefika", na katika wingi, "Warafiki wangu wazuri wamefika."

"Mwanangu, warafiki umewatoa wapi?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, sasa rafiki yuko ngeli gani?"

"A-WA."

"Mbona basi wewe unasema rafiki yangu, rafiki zangu? Hiyo si I-ZI?"

Mwalimu akacheka, akasema ndivyo inavyosemwa. Alikuwa sahihi, na kijana pia alikuwa sahihi kutoridhika na jibu hilo. Shule za Kenya hutaja ngeli kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA, I-ZI. Vitabu vya zamani vilizitaja kwa umbo la nomino yenyewe: M-WA, KI-VI, JI-MA, N. Mtindo wa kwanza unakwambia rafiki ni A-WA na unanyamaza kuhusu umbo lake. Wa pili unakwambia ni N na unanyamaza kuhusu "amefika". Kila mmoja umeshika nusu ya habari, na yote miwili imekubaliana kimyakimya kwamba neno lina kwao mahali pamoja tu. Dhana hiyo ndiyo iliyokuwa ikiivunja programu.

Kwenye mtandao wa urithi, mtoto anaweza kuchukua urefu wa baba na macho ya mama bila mtu kumuuliza yeye ni wa nani. Nodi iliyomaliza ubishi ni hii:

Jamaa:
  <umbo> == N
  <upatanisho> == M_Wa
  <upatanisho kimilikishi> == N.
Rafiki:
  <> == Jamaa
  <shina> == rafiki.

Umbo linatoka N: rafiki, rafiki. Upatanisho wa kivumishi na kitenzi unatoka M_Wa, nodi ya ngeli ya M-WA: mzuri amefika, wazuri wamefika. Kimilikishi, kwa kuwa kimetajwa kwa njia ndefu zaidi, kinakwepa M_Wa na kwenda N: yangu, zangu. Jumla yake ni "Rafiki zangu wazuri wamefika," sentensi ambayo ndani ya maneno manne imepita kwa wazazi wawili na kurudi. Chini ya nodi hiyo hiyo wanaingia baba, mama, dada, kaka, ndugu, shangazi na binamu, kila mmoja kwa mstari wake wa shina tu. Ukipendelea wingi wa marafiki, unabadilisha umbo la wingi pekee na kimilikishi hakitikisiki: marafiki zangu. (Wapo wanaosema marafiki wangu, na sokoni utasikia hata rafiki wangu. Mwalimu alikunja uso. Mimi niliomba ziingizwe kama fomu zinazokubalika, zikaingizwa kwa shingo upande.)

Jina Jamaa lina mtego wake. Mke, mume, mtoto, mjomba na mpwa ni jamaa pia, tena wa karibu, lakini hakuna asemaye "mke yangu" kwa Kiswahili cha darasani. Hao wana m- ya kwao na wanarithi kila kitu M_Wa, kimilikishi kikiwemo. Kwa hiyo kinachofungua mlango wa yangu na zangu ni maana na umbo vikikutana: awe wa ukoo au wa usuhuba, na asiwe na m-. Daktari hana m-, lakini si jamaa, ndiyo maana ni daktari wangu, madaktari wangu: umbo la wingi kutoka JI-MA, mengine yote kutoka M_Wa. Kiongozi na kijana wanachukua umbo kwa KI-VI na upatanisho kwa M_Wa.

Wataalamu wa akili unde watakumbuka hapa fumbo maarufu la Nixon, rais wa zamani wa Marekani. Yeye alikuwa Mkweka, muumini wa dhehebu la Kikristo, na Wakweka kwa kawaida hupinga vita. Alikuwa pia wa chama cha Republican, na hao kwa kawaida hawavipingi. Je, Nixon anapinga vita? Mtandao wenye wazazi wawili unakwama, usipoambiwa nani asikilizwe. DATR haikwami kwa sababu haimruhusu mtoto kumrithi baba na mama kwa jambo lile lile. Kila njia ina chanzo kimoja. Rafiki ana wazazi wawili, lakini hakuna swali hata moja ambalo wote wawili wanaweza kulijibu kwa pamoja.

Wala Kiswahili hakiko peke yake katika hili. Kirusi kina neno dyadya, yaani mjomba au baba mdogo. Linanyambulika kwa vikomo vya kundi ambalo nomino zake nyingi ni za kike, lakini kivumishi na kitenzi vinavyoambatana nalo ni vya kiume. Umbo linatoka huku, upatanisho kule. Kwamba neno hilo nalo ni la ukoo huenda ni sadfa tu, ila lilimfurahisha sana mwalimu.

Uundaji wa maneno ulichukua muda mfupi zaidi, ingawa ndiko walikodhani kuna kazi kubwa. Kutoka kitenzi kwenda kwa mtendaji, programu ilikuwa na kanuni moja, m- na -aji: mchezaji, mwimbaji, mtumiaji. Vighairi vilionekana vingi kiasi cha kutisha: mpishi, mwandishi, mlinzi, mpenzi, mfuasi, mwizi. Kijana mmoja akapendekeza -i ndiyo iwe chaguomsingi, kwa kuwa kwenye maneno ya kila siku imejaa tele. Nilimpinga. Idadi ya mifano si kipimo cha chaguomsingi. Kijerumani kina wingi wa -s ambao nomino chache tu huutumia, na bado utafiti wa Gary Marcus na wenzake wa mwaka 1995 ulitetea kwamba huo ndio chaguomsingi, kwa sababu ndio unaokimbiliwa neno likiwa geni, la kifupisho au jina la mtu. Kipimo ni neno jipya. Kiswahili kilipohitaji neno la anayetumia programu kilisema mtumiaji, na la anayetengeneza bidhaa, mtengenezaji.

Lakini neno jipya lilitufundisha na jingine. Anayedukua anaitwa mdukuzi. Si mdukuaji, si mdukui. Mashina yanayoishia kwa ua, oa au ea yana njia yao: mnunuzi, mchukuzi, mvumbuzi, mtatuzi, mwokozi, mtembezi, mlezi. Njia hiyo iko hai, la sivyo mdukuzi asingezaliwa. Basi ni chaguomsingi ndani ya chaguomsingi: nodi ya mashina hayo inarithi kila kitu kwa Kitenzi na kujisemea kiambishi cha mtendaji tu, huku mpishi na wenzake wakibeba chao mmoja mmoja chini kabisa.

Kuna mahali mfumo huu unabanwa. Kighairi kikishinda, chaguomsingi inapaswa kutoweka: mpishi akiwepo, mpikaji hahitajiki. Sasa mbona tuna msomi na msomaji? Mkimbizi na mkimbiaji? Eliud Kipchoge ni mkimbiaji. Aliyekimbia vita akapokelewa kambini Kakuma ni mkimbizi. Maneno haya hayafukuzani kwa sababu yamegawana maana. Tulichofanya ni kumtoa mkimbizi kwenye ukoo wa fomu za kimbia na kumpa nodi yake: anarithi mzizi kwa kimbia, ngeli kwa M_Wa, na maana yake ni ya kwake. Nafasi ya mtendaji wa kimbia ikabaki wazi kwa mkimbiaji. Ni suluhisho linalofanya kazi, japo linamwachia mwanaisimu uamuzi wa lini neno limejitegemea vya kutosha.

Hawakuandika kwa DATR yenyewe. Waliandika kwa Python, lugha ya kawaida ya kuandikia programu, wakaiga kanuni ya njia ndefu na ile ya kurudi kwa aliyeulizwa. Mtu angeweza kuuliza kwa nini wasitumie otomata, yaani mashine ya kinadharia inayosoma neno herufi kwa herufi, kama mfumo wa SALAMA wa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ulioanzia kwenye mofolojia ya viwango viwili ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983. Kwa kuchanganua matini marefu kwa kasi, huko ndiko kwa kwenda. Kwao shida ilikuwa kufundisha, na mwalimu lazima aweze kufungua nodi, aisome na kuisahihisha kwa mkono wake.

Faida ambayo hawakuitarajia ilitokea kwenye kusahihisha. Mtoto wa Nairobi huandika "Kitabu yangu imepotea" na "Viatu zangu zimeraruka." Programu ya zamani ilihesabu makosa mawili katika kila sentensi. Ukitazama mtandao, ni kosa moja, na lina mpangilio. Katika Kiswahili cha mitaani cha jiji hili, umbo la kitabu na viatu halijaguswa. Hakuna asemaye "tabu" wala "atu". Kilichobadilika ni kwamba nodi ya KI-VI haina tena mstari wake wa upatanisho, na swali likifika pale linapanda juu na kukuta I-ZI. Viumbe hai wao wanabaki na A-WA: "watu wangu wamefika" inasemwa vilevile Kibera kwa maskini na Karen kwa matajiri. Huo ni mtandao ule ule wenye matawi yaliyopunguzwa, chaguomsingi ikiwa imechukua nafasi iliyoachwa wazi. Wanaosema Nairobi hakuna sarufi hawajaitazama. Sasa programu inamwonyesha mtoto sehemu moja iliyokosekana, inamwambia KI-VI ina upatanisho wake darasani, na inamtoza alama moja.

Jambo ambalo bado halijakubaliwa ni kitoto. Kama kijana na kiongozi wanachukua upatanisho kwa M_Wa, basi "kitoto analia". Mwalimu anasema "kitoto kinalia", na jitu, ingawa ni mtu, "limeanguka". Pendekezo langu lilikuwa kwamba ki- ya udogo na ji- ya ukubwa zije na upatanisho wao wenyewe zinapounda neno, na upatanisho huo ushinde uhai, wakati ki- ya kiongozi ni umbo tu lisilodai chochote. Nodi ya Udogo ikaandikwa hivyo. Kijana wa nomino akaingiza kwa kujaribu katoto, kama nyanya yake wa Murang'a angesema, programu ikakataa neno lenyewe, naye akaongeza nodi ya KA-TU (katoto, tutoto) chini ya Udogo bila kumuuliza mwalimu.